Jogoo Hayumo Kwenye Kaseti

"Jogoo yuko wapi?"

Inspekta Chepkemboi aliuliza hivyo kidole kikiwa bado juu ya kitufe cha redio-kaseti. Konstebo Achola, aliyekuwa anatia kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai, akadhani wanazungumzia chakula cha mchana.

"Jogoo gani, madam?"

"Wa Dundori. Weka kikombe chini, usikilize."

Akarudisha utepe mwanzo. Sauti ya mzee ikatoka kwenye spika, kavu lakini yenye furaha: "Mohanlal hapa. Dundori. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Haya mbingu, sema." Swichi ikalia, kliki. Halafu ndege. Walikuwa wengi mno, kila mmoja akianzia chini na kupandisha sauti, tiuuit, tiuuit, mwingine akidakia kabla mwenzake hajamaliza, mpaka ofisi ya CID Nakuru, pamoja na makabati yake ya chuma na kalenda ya mwaka jana, ikawa kama msitu kunapopambazuka.

"Ndege wa asubuhi," Achola akasema. "Si hao ndio wametuonyesha mzee alikuwa hai Jumamosi alfajiri?"

"Ndiyo. Na jogoo?"

Achola akasogeza sikio karibu na spika.

Kesi yenyewe ilikuwa imekaa vizuri, na hilo ndilo lililomkera Chepkemboi. Kesi ikikaa vizuri upesi namna hiyo, ujue kuna mtu ameikalisha. Mzee Mohanlal, fundi redio wa Nakuru tangu zama za redio za valvu, alikuwa amekodi kibanda cha mbao kwenye shamba la mjane mmoja wa Dundori, jina lake Wangu, ambaye wote walimwita mama Wangu. Kila mwisho wa wiki alipanda huko na kisanduku alichokiunda mwenyewe, akakifunga kwenye waya mrefu uliopita juu ya viazi, akarekodi. Alikuwa anarekodi nini, majirani hawakujua. Walisema tu Mhindi anasikiliza mawingu. Jumamosi ile, mtoto wa mama Wangu, Jeff Mathenge, alimpelekea maziwa saa moja asubuhi, akarudi mbio akipiga nduru. Mzee alikuwa amelala sakafuni, kichwa kimepasuka kwenye ukingo wa chuma wa meza yake. Jeff alikuwa na damu kwenye shati kwa sababu, alisema, alijaribu kumwinua.

Daktari wa polisi hakuweza kusema mzee alikufa saa ngapi. Baridi ya Dundori mwezi wa saba si mchezo, na maiti iliyolala ndani ya baridi hiyo haikwambii kama ni ya jioni au ya alfajiri. Kaseti ndiyo iliyosema. Mpwa wa marehemu, Sandeep, aliitwa asubuhi ileile, akaitoa kwenye mashine mbele ya polisi na kuwaambia, "Sikilizeni hii, pengine itasaidia." Ikasaidia kweli. Saa kumi na mbili mzee yuko hai, saa moja ni maiti, na katikati hapo hakuna aliyeonekana huko juu ila Jeff, ukimwondoa mamake. Tena ilijulikana Jeff na mzee waliwahi kufokeana, siku ng'ombe aliponaswa kwenye waya.

Huo ulikuwa mwaka wa 2008. Nakuru ilikuwa imeona damu ya kutosha mwezi wa Januari, makabila yalipochinjana baada ya uchaguzi, na watu hawakuwa na nguvu za kushangaa tena. Ukiwaambia fulani ameua, wanauliza tu wa wapi. Leo saa nane Jeff alikuwa anapelekwa kortini kusomewa shtaka la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Ukishasomewa unaingia rumande, unangoja kesi kwa miaka, na ukishindwa, mwisho wake ni kamba.

"Mzee angekuwa amekufa Ijumaa usiku," Achola akasema polepole, "huyu kijana angekuwa kwake saa hii."

"Ijumaa mchana hadi alfajiri alikuwa hospitalini. Mkewe Abby alikuwa anajifungua. Manesi wanamkumbuka vizuri, alikuwa amewazibia mlango. Akapanda Dundori na lori la maziwa kumwambia mamake amepata mjukuu."

"Mtoto gani?"

"Msichana. Hajambeba tangu siku hiyo. Haya, kunywa chai yako."

Mama Wangu alikuwa kwenye benchi la nje, sweta mbili, kikapu cha chapati mapajani kilichofunikwa kwa leso. Kila siku alikuja hivyo. Chepkemboi alipomkaribia hakusimama.

"Wewe ndiye umeshika faili ya Jeff," akasema. "Jina lako nimelisikia. Najua mnatoka wapi."

"Natoka hiyo ofisi hapo, mathe. Nina swali moja. Una jogoo?"

"Mtoto wangu anaenda kunyongwa, wewe unaniuliza kuku?"

"Una jogoo ama hauna?"

"Ninao wawili!" Mama Wangu aliinua sauti mpaka askari wa zamu akageuka. "Wanawika kutoka saa kumi mpaka jua litoke. Huyo mzee, Mungu amrehemu, alisema watamfanya kiziwi. Na mbwa ninaye. Na saa kumi na mbili nakamua ng'ombe hapo hapo nyuma ya kibanda chake, nikiimba."

"Unaimba kwa sauti?"

"Kwani ng'ombe atasikiaje?"

Chepkemboi akasema asante, akageuka. Jogoo wawili, mbwa, ndoo za bati na mama anayemwimbia ng'ombe, wote nyuma ya ubao mwembamba, na kaseti haikuwa na hata mmoja wao. Kama si Dundori iliyorekodiwa, basi mtu alikuwa amewauzia polisi msitu wa kwingine.

"Achola! Gari. Tunaenda mtaa wa Section 58, binti ya marehemu bado hajarudi Durban."

*

Payal, binti pekee wa mzee Mohanlal, alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu kimoja Afrika Kusini. Alikuja kwa mazishi, na tangu mwili uchomwe na majivu yapozwe alikuwa akishinda kwenye karakana ya babake nyuma ya nyumba, bila kugusa kitu. Spika zilizopasuliwa zilijaa chini ya meza. Valvu zililala ndani ya mikebe ya biskuti, na ukuta mzima ulikuwa wa kaseti. Alipenda kuongea Kiswahili cha Nakuru, na pengine alikikosa huko aliko.

"Poleni na jua," akasema. "Nasikia leo ndiyo siku ya Jeff. Mimi sijui, madam. Huyo kijana alikuwa anamletea Papa maziwa na kukataa kulipwa."

Chepkemboi hakuzunguka. Akamweleza habari ya jogoo, akamweleza habari ya ndege, akasema anaamini kaseti ilirekodiwa mahali pengine, labda msitu wa Menengai, labda bustani ya mtu. Alijivunia kidogo alipomaliza.

Payal alimtazama kwa huruma. "Madam, kisanduku cha Papa hakisikii ndege."

"Vipi?"

"Wala jogoo. Hata umfunge kwa waya akiwika, hakimsikii. Maikrofoni ni ya kutangaza siku na mahali tu. Papa lazima atangaze, hata ukimwamsha usingizini. Baada ya hapo unasikia kliki. Ni yeye amebonyeza swichi, maikrofoni imekufa na mashine imefungwa kwenye waya. Waya hausikii hewa. Unashika mawimbi ya umeme yanayopita, yale ya polepole kabisa ambayo redio ya kawaida haina habari nayo. Kisanduku kinayageuza sauti."

Achola akakohoa kicheko. "Madam, jogoo amechinjwa."

"Nyamaza." Uso wa Chepkemboi ulikuwa umepata moto. Ushahidi wake wote ulikuwa umekwenda na maji, na saa ukutani ilikuwa inakimbilia saa tano. Mtu mwingine angeaga. Yeye alivuta kiti. "Sawa. Hakisikii ndege. Basi hawa ninaowasikia ni nani?"

Akaweka kaseti ya polisi kwenye mashine iliyokuwa mezani. Sauti ya mzee ikatangaza, na Payal akafumba macho kwa sauti ile. Kliki. Ndege wakaanza, tiuuit, tiuuit.

Payal alifumbua macho, akaweka kikombe chake cha chai pembeni ya meza vibaya, kikaanguka. Hakukiangalia.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Ndiyo kaseti ya Jumamosi. Ndiyo inayompeleka Jeff kortini."

"Haiwezi. Hii haiwezi kutoka Dundori. Haiwezi kutoka Kenya nzima!"

"Nieleze kama mtu ambaye atamweleza hakimu," Chepkemboi akasema. "Taratibu."

Payal akatafuta chini ya meza, akaibuka na kipande cha sumaku kirefu kama kidole. Akakilaza, akakifunika kwa karatasi ngumu, akanyunyiza juu yake unga wa chuma kutoka kwenye mkebe. Akagonga karatasi kwa ukucha. Unga ukaamka. Ulijipanga wenyewe kwa mistari, mingine mirefu iliyotoka nchani na kupinda mbali kabisa kabla ya kurudi ncha ya pili, mingine mifupi iliyolala karibu na ubavu. Achola akainama mpaka kofia ikakaribia kuanguka.

"Dunia ni sumaku," Payal akasema. "Mistari hii iko, hata sasa, inapita juu yetu na ndani yetu. Na huko juu, mbali kuliko ndege za abiria zinakoruka, si patupu kama watu wanavyodhani. Kuna plazma. Ni gesi ambayo jua limeivunja ikawa vipande vyenye umeme. Vipande vidogo kabisa ndizo elektroni, na elektroni hazitembei ovyo. Kila moja imeshika mstari wake. Inauzunguka, inapanda nao, inafika karibu na ncha, inarudishwa. Huko na huko, bila kuchoka."

"Na hao ndege?"

"Upande wa dunia kunakopambazuka, elektroni mpya zinafika zikitoka upande wa usiku. Zikijaa, zinatikisika pamoja, na mtikisiko unakuwa wimbi. Wimbi linapandisha sauti yake, hivi," akapandisha mkono, "halafu lingine, halafu lingine. Hao ndio ndege wako. Sisi tunawaita kwaya ya alfajiri. Hawana mabawa wala koo, madam. Ni anga lenyewe linalia."

Kaseti iliendelea kulia karakanani. Chepkemboi alisikia malaika ya mikono yakimsimama. Alikuwa amewasikiliza ndege hao zaidi ya mara ishirini, akiwatafutia jogoo.

"Na ajabu bado," Payal akaendelea, sasa amesahau hata machozi. "Wimbi likishazaliwa linazigeukia elektroni zilezile zilizolizaa. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukisukuma ovyo, bembea inakufa. Lakini ukisukuma kidogo tu kila inaporudi, mtoto anapanda mpaka mama yake anapiga kelele. Wimbi nalo linazunguka kama elektroni inavyozunguka. Zikipatana mwendo, kila mzunguko ni msukumo. Ile elektroni iliyokuwa ikijikokota inaanza kukimbia, inakimbia, mpaka inakaribia kasi ya mwanga. Ikifika hapo inapenya chuma. Inaweza kuua satelaiti. Nyingine zinakosa njia, zinanyesha juu ya hewa yetu kama mvua ambayo hakuna anayeiona."

"Ngoja," Achola akasema. "Hiyo inatendeka saa hii?"

"Saa hii. Juu ya haya mabati."

Achola akatazama dari muda mrefu. "Na mimi huwa naogopa mbu," akasema, na hakuwa anatania.

Chepkemboi akagusa karatasi kwa kalamu. "Kama iko juu yetu, mbona Dundori isisikie?"

"Hapo sasa." Payal alionyesha mistari mifupi ya ubavuni. "Wimbi hilo linafuata mstari. Nakuru iko hapa, kiunoni mwa dunia. Mistari ya hapa inapanda kidogo na kurudi chini, haifiki huko kwaya inakoimba. Mistari inayofika huko inashukia huku, karibu na ncha, kwenye barafu. Papa alijua. Kwa waya wake alisikia radi tu, za ziwani, za Kongo, pa-pa-pa kama bisi kwenye sufuria."

"Alijua hatasikia, na alipanda kila wiki?"

"Alikuwa anasema hata asiyealikwa harusini hafukuzwi barabarani akisikiliza ngoma."

Kaseti ikafika mahali ambapo sauti nne zilipanda zikifuatana, pakawa kimya, halafu ikaja moja ndefu iliyopinda mwishoni. Payal akainua kidole kabla hiyo ndefu haijaanza. Chepkemboi aliona. Haikuwa kazi ya fizikia, ilikuwa kumbukumbu.

"Unaijua," akasema.

"Ni yangu." Payal alisimama, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu, akachomoa kaseti yenye kasha jekundu. "Nilikaa kwenye kituo cha utafiti kusini kabisa, kwenye barafu, msimu mmoja. Nikamrekodia Papa kwa kaseti kwa sababu CD alizikataa kata kata. Alinipigia simu akilia. Alisema nimempeleka harusini."

Wakaicheza. Zikapanda nne, pakawa kimya, ikaja ile ndefu iliyopinda mwishoni. Wakacheza ya polisi. Ikawa vilevile.

"Asubuhi mbili za huko hazifanani," Payal akasema. "Ni kama kumwaga punje za mahindi mara mbili zikaangukia palepale. Hii yenu ni nakala. Na sikia huku chini." Akaongeza sauti. Chini ya ndege wa polisi palikuwa na mngurumo, mmm, mzito usiokatika. Kwenye kaseti ya kasha jekundu haukuwepo. "Hiyo ni stima imeingia wakati wa kunakili. Kwa mama Wangu kuna stima?"

"Anatumia taa ya mafuta," Achola akasema.

"Basi imenakiliwa mjini. Sauti ya Papa imeachwa ya Jumamosi nyingine yoyote, hawa wamewekwa baada ya kliki. Aliyeifanya alikuwa akitafuta kaseti inayosikika kama asubuhi."

"Nani ana mashine ya kaseti mbili?" Chepkemboi akauliza. "Na nani anaingia chumba hiki?"

Payal akatazama mlango wa karakana. Alikaa chini. Mashine ya kaseti mbili ilikuwa kwenye duka la babake mjini, na duka liliendeshwa na mtu mmoja tu.

"Ana funguo," akasema. "Binamu yangu, Sandeep-bhai, ana funguo. Madam, yeye ndiye alibeba jeneza mbele. Alilia kuliko mimi."

Achola akavaa kofia yake vizuri. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema kwa sauti ya chini.

*

Sandeep alikuja kituoni kabla ya saa saba, shati limepigwa pasi, mtulivu. Alikuwa mtoto wa dada ya Mohanlal, na alimwita mjomba wake Mamaji, kama kwao wanavyomwita ndugu wa mama. Wakati wa kifo, kwa maelezo yake, alikuwa hekaluni kwa sala ya asubuhi, na watu wazima wenye heshima zao walimwona.

"Ni kuthibitisha tu kabla ya korti," Chepkemboi akamwambia. "Kaseti hii uliitoa wewe kwenye mashine?"

"Mbele yenu, madam."

"Haikutoka mikononi mwako?"

"Nilimpa afande palepale."

"Na hizi sauti baada ya Mamaji kuongea, ni nini?"

Sandeep alishangaa kidogo. "Ndege. Si mnasikia? Ndege wa Dundori asubuhi."

"Umewahi kusikia kaseti zake nyingine?"

"Mara nyingi. Tulikuwa tunasikiliza pamoja. Mimi ni kama mtoto wake."

Achola, aliyekuwa mlangoni, akatazama viatu vyake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imeishia hapo, yeye tu hajui. Chepkemboi akaweka mashine mbili mezani, moja yenye kaseti ya polisi, ya pili yenye kaseti ya kasha jekundu. Sandeep alipoona lile kasha alilamba midomo. Chepkemboi akabonyeza zote mbili.

Ndege wakajaa chumbani mara mbili. Mashine moja ilitangulia kidogo, ya pili ikafuata kama mwangwi. Zikapanda nne na nne, kukawa kimya na kimya. Ikaja ile ndefu, ikapinda, na mwenzake ikapinda nyuma yake.

"Hii ya kasha jekundu," Chepkemboi akasema, "imerekodiwa na Payal kwenye barafu, upande wa chini kabisa wa dunia. Hakuna ndege anayelia hivyo, Sandeep. Hakuna mti huko. Hizo ni sauti za anga, na hazijawahi kufika Dundori tangu Mungu aumbe ulimwengu. Ungekuwa umesikiliza pamoja naye hata mara moja, ungejua."

Kaseti moja ikaisha na kujizima.

"Alitaka kufunga duka," Sandeep akasema. Sauti ilikuwa imepungua, kama ya mtu mgonjwa. "Ijumaa jioni nilipanda kumbembeleza. Tangu nimalize shule niko kwenye hiyo kaunta. Akaniambia atalikodisha, aende akaishi huko kwa waya wake. Akarudi kugeuza vitufe, mimi bado naongea! Nikamsukuma. Mara moja tu, madam. Nilisikia kichwa kikigonga. Nikamwita Mamaji, Mamaji, nikamwita mpaka giza likaingia."

"Halafu ukaenda kutengeneza asubuhi."

"Nikairudisha kwenye mashine usiku uleule. Nilitaka tu iwe asubuhi, niwe hekaluni. Sikumtaja Jeff. Hakuna mahali nimemtaja Jeff."

"Ulimnyamazia. Ukamwacha apelekwe kunyongwa na wewe umekaa unapiga pasi shati." Chepkemboi hakupandisha sauti, lakini Achola, aliyemjua, alisogea nyuma hatua. "Mtoto wake alizaliwa saa zile ulizokuwa unanakili hiyo kaseti."

Sandeep akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kila wiki aliniambia, 'Sandeep, vaa hedifoni, dakika moja tu.' Kila wiki nikamwambia kesho." Akalia waziwazi, mabega yakitikisika. "Nilidhani ni ndege. Miaka yote hiyo, nilidhani mzee anarekodi ndege."

*

Saa nane Jeff Mathenge hakupelekwa kortini. Alitolewa seli akiwa hana mkanda wala kamba za viatu, akasimama kwenye korido akipepesa macho, na mama Wangu akamshika uso kwa mikono yote miwili, halafu akamzaba kofi la bega kwa kuwa amekonda. Kikapu cha chapati akamwachia Achola. Chepkemboi akawatazama mama na mwana, akageukia mlangoni akajifanya anasoma tangazo.

"Wewe," mama Wangu akamwita Chepkemboi. Hakusema afande. "Jumamosi njoo nyumbani. Njoo umwone mtoto."

Akaenda. Payal naye alikuwepo, amekuja kumalizia kazi ya babake kabla ya kurudi Durban. Kisanduku kilikuwa kwenye meza ileile, ukingo wake sasa umefungwa kitambaa. Abby alikaa kwenye jua na kitoto kifuani, jina lake Wangu kama nyanya yake. Jeff alikuwa amesimama juu yake akizuia upepo kwa koti, ingawa hakukuwa na upepo.

Mama Wangu ndiye aliyevaa hedifoni kwanza. Alizishika kwa vidole kama kitu cha moto. Akasikiliza, na mdomo wake ukafunguka polepole.

"Ni nini hizi zinazolipuka?"

"Radi, mama," Payal akasema. "Za mbali. Nyingine za nchi nyingine kabisa. Baadhi ya sauti zake zinapenya juu, zinashika ile mistari, zinaenda kuzisukuma elektroni. Sisi tunasikia tu zikiondoka."

"Na mimi nilimgombeza kwa ajili ya waya." Mama Wangu alivua, machozi yakimtoka bila aibu. "Kumbe alikuwa amekaa hapa shambani kwangu anasikia hii."

Akampa Chepkemboi. Yeye alizivaa, akabonyeza ziingie vizuri masikioni, akatoka mlangoni mpaka waya wake ulipokomea. Chini, mbali, mji wa Nakuru na ziwa lake. Juu, mbingu ya samawati isiyo na hata wingu. Masikioni, pa, pa-pa, pa, dunia nzima ikipasuka na kuitana, na ng'ambo ya hizo, kwaya ambayo hataisikia kamwe akiwa amesimama hapa. Akacheka peke yake.

Juu ya ua, hatua chache mbele yake, jogoo wa mama Wangu alikuwa amesimama, shingo imenyooka, mdomo wazi, akiwika kwa nguvu zake zote. Chepkemboi hakumsikia.